Jinsi Marekani ilivyojifunga kwa gari huku Ulaya ikishikilia reli na basi

MJI wa Arlington katika jimbo la Texas, Marekani, una wakazi wapatao 400,000. Uko katikati ya miji mikubwa ya Dallas na Fort Worth, una chuo kikuu na viwanja vya michezo vyenye sifa kote nchini humo. Hata hivyo, kwa miaka mingi ulijulikana kuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Marekani isiyo na huduma ya kawaida ya mabasi ya umma.

Wapigakura wake walikataa mara tatu, mnamo 1980, 1985 na 2002, kutozwa ushuru wa kugharimia uchukuzi huo. Huduma ya basi iliyoanzishwa kwa majaribio mwaka wa 2013 ilisitishwa 2017, na badala yake yakaletwa magari madogo ambayo abiria huyaita kwa simu.

Huko Zurich nchini Uswizi, mji ambao idadi ya wakazi wake haitofautiani sana na ya Arlington, wapigakura pia waliulizwa maoni yao. Mwaka wa 1973 walikataa mpango wa kujenga reli ya chini kwa chini iliyokuwa ya gharama kubwa. Lakini mnamo 1977 waliidhinisha faranga milioni 200 ili tramu na mabasi yapewe kipaumbele barabarani. Taa za barabarani zikapangwa kuyapisha na njia zake zikatengwa na za magari ya kibinafsi.

Kura hizo ni kielelezo cha tofauti kubwa iliyopo baina ya Marekani na Ulaya katika suala la uchukuzi. Wengi hudhani kwamba tofauti hiyo inatokana na ukubwa wa nchi au na tabia za watu. Historia inaonyesha kuwa kiini chake hasa ni sheria, kodi na maamuzi ya serikali.

MWANZO ULIOFANANA

Miaka 100 na zaidi iliyopita, Marekani haikuwa nyuma ya Ulaya kwa uchukuzi wa umma. London ilifungua reli ya kwanza ya chini kwa chini duniani mnamo Januari 1863, nayo Budapest ikafuata 1896. Boston ilifungua yake mwaka wa 1897, kabla ya Paris iliyofanya hivyo 1900. New York ilizindua yake Oktoba 1904.

Kuhusu tramu za umeme, Marekani ndiyo iliyoonyesha njia. Mhandisi Frank Sprague alizindua mtandao wa kwanza mkubwa uliofanikiwa katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, mnamo 1888. Katika muda mfupi, karibu kila mji wa Marekani ulikuwa na tramu.

Los Angeles, ambayo leo hutajwa kama mfano wa mji wa magari, ilikuwa na kampuni ya Pacific Electric iliyomiliki zaidi ya kilomita 1,600 za reli. Treni zake nyekundu ziliunganisha mji huo na vijiji, mashamba na fuo za bahari.

Mambo yalianza kubadilika mnamo 1908 Henry Ford alipozindua gari la Model T. Mwanzoni liliuzwa kwa dola 850. Baada ya kiwanda chake kuanza mnamo 1913 kuunda magari kwa mkanda unaosonga, bei ilizidi kuteremka hadi chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920. Mfanyakazi wa kawaida akaweza kumiliki gari.

Wakati huo huo, kampuni za tramu zilikuwa taabani. Nyingi zilikuwa za watu binafsi na zilibanwa na mikataba na mabaraza ya miji iliyoweka nauli kuwa senti tano, hata gharama ilipopanda baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Isitoshe, zililazimika kukarabati sehemu ya barabara zilimopita reli zao, barabara zizo hizo zilizotumiwa bure na wenye magari.

Kampuni iliyoitwa National City Lines, iliyofadhiliwa na General Motors, Firestone na kampuni za mafuta, ilinunua kampuni za uchukuzi katika miji mingi na kuweka mabasi mahali pa tramu. Mnamo 1949, mahakama ya Chicago iliwapata wahusika na hatia ya kula njama ya kuhodhi biashara ya kuziuzia kampuni hizo mabasi na bidhaa nyingine.

Wengi husimulia kisa hicho kana kwamba ndicho pekee kilichoua tramu za Marekani. Ukweli ni kwamba nyingi zilikuwa mahututi tayari. Treni ya mwisho ya mtandao wa Pacific Electric ilisafiri kati ya Los Angeles na Long Beach mnamo 1961.

NYUMBA, BARABARA NA SHERIA

Kilichoamua mkondo wa Marekani zaidi ni mahali watu walipojengewa nyumba. Shirika la serikali la kudhamini mikopo ya nyumba, lililoundwa mnamo 1934, lilipendelea nyumba mpya za viungani. Sheria ya mwaka wa 1944 ya kuwafaidi wanajeshi waliotoka vitani ikaongeza kasi hiyo. Mtaa wa Levittown karibu na New York, ulioanza kujengwa 1947, ukawa kielelezo: maelfu ya nyumba zinazofanana, kila moja na uwanja wake.

Watu weusi walizuiwa kununua nyumba katika mitaa mingi ya aina hiyo. Aidha, shirika hilo lilikataa kudhamini mikopo katika mitaa waliyoishi mijini, hivyo fedha zikahama mijini pamoja na Wazungu.

Sheria za matumizi ya ardhi nazo zilichangia. Mnamo 1926, Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha mamlaka ya miji kutenga maeneo ya makazi, biashara na viwanda. Matokeo yake ni mitaa mikubwa isiyoruhusiwa duka wala nyumba ya ghorofa. Anayehitaji mkate hana budi kuendesha gari. Miji mingi pia ililazimisha kila jengo jipya liwe na nafasi kadhaa za kuegesha magari, na kwa hivyo maduka yakazungukwa na viwanja vya lami.

Pigo kubwa zaidi lilikuja 1956, Rais Dwight Eisenhower alipotia saini sheria ya barabara kuu. Ilikusudia kujenga takriban kilomita 66,000 za barabara, serikali kuu ikilipa asilimia 90 ya gharama. Uchukuzi wa umma haukuwa na hazina kama hiyo. Bunge lilitunga sheria ya kuusaidia miaka minane baadaye, mnamo 1964.

Barabara hizo zilipasua mitaa ya watu weusi katika miji mingi. Mtaa wa Rondo katika mji wa St. Paul, Overtown mjini Miami na Black Bottom mjini Detroit ni baadhi ya mitaa iliyobomolewa. Waliopoteza makao ndio waliotegemea basi zaidi.

ULAYA NAYO ILITELEZA

Itakuwa makosa kudhani kwamba Ulaya haikuvutiwa na gari. Paris iling'oa tramu zake za mwisho katika miaka ya 1930, London mnamo 1952 na Nantes mnamo 1958. Nchini Uingereza, ripoti ya Richard Beeching ya 1963 ilisababisha kufungwa kwa maelfu ya kilomita za reli.

Hata hivyo, mambo kadhaa yaliizuia Ulaya kufika mbali katika njia hiyo. Kwanza, miji yake mingi ilijengwa kabla ya gari kuvumbuliwa. Barabara zake ni nyembamba, nyumba zimekaribiana na maduka yako chini ya makazi.

Pili ni kodi ya mafuta. Umoja wa Ulaya huzitaka nchi wanachama kutoza petroli kodi isiyopungua senti 35.9 za euro kwa lita, na nyingi hutoza zaidi. Serikali kuu ya Marekani hutoza senti 18.4 za dola kwa galoni, yaani chini ya senti tano kwa lita, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1993. Majimbo huongeza ushuru wao, lakini pengo bado ni kubwa.

Tatu, Ulaya ilitafuta njia za kudumu za kugharimia na kuratibu uchukuzi. Mnamo 1965, kampuni za uchukuzi za Hamburg, Ujerumani, ziliungana ili abiria atumie tiketi moja kwa basi, treni na feri. Ufaransa ilianza mnamo 1971, eneo la Paris likiwa la kwanza, kuwatoza waajiri kodi ya uchukuzi. Fedha hizo ndizo zilizosaidia kurejesha tramu mjini Nantes mnamo 1985 na Strasbourg mnamo 1994.

Nne, wananchi walilalamika. Nchini Uholanzi, ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 mwaka wa 1971, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliandamana wakitaka mauaji ya watoto yakomeshwe. Uhaba wa mafuta wa 1973 ulipotokea na serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, Waholanzi walionja miji isiyo na magari. Njia za baiskeli zinazosifiwa leo zilipata nguvu kutokana na kilio hicho.

GHARAMA YA KUTEGEMEA GARI

Tofauti hizi si za starehe tu. Mnamo 2023, watu karibu 40,900 walikufa katika ajali za barabarani nchini Marekani. Katika Umoja wa Ulaya, wenye watu zaidi ya milioni 100 kuliko Marekani, waliokufa walikuwa takriban 20,400. Kwa kila watu 100,000, Marekani ilipoteza kama 12 nao umoja huo chini ya watano.

Kwa asiye na gari, ni vigumu kufika kazini, hospitalini au sokoni. Wazee waliodhoofika macho, vijana na maskini huathirika zaidi. Wahamiaji, wakiwemo Wakenya wanaoishi Texas na Minnesota, hung'amua mapema kuwa leseni ya udereva huhitajika karibu sawa na kibali cha kazi.

Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mnamo Agosti 29, 2005, amri ya kuhama mji ilikuwa imetolewa. Wenye magari waliondoka. Makumi ya maelfu ya wakazi hawakuwa na magari, na mabasi ya kuwaondoa kwa wakati hayakupatikana. Wengi walinaswa na mafuriko.

SI NYEUPE NA NYEUSI

Pamoja na hayo, kila upande una sura mbili. Mnamo 2019, Wamarekani watatu kati ya wanne waliendesha gari peke yao kwenda kazini, na ni asilimia tano hivi tu waliotumia uchukuzi wa umma. Lakini katika mji wa New York, zaidi ya nusu ya familia hazimiliki gari lolote.

Ulaya nayo imejaa magari. Katika Umoja wa Ulaya kulikuwa na magari ya kibinafsi karibu 570 kwa kila watu 1,000 mnamo 2023, na gari ndilo hubeba sehemu kubwa ya safari za nchi kavu. Serikali ya Ufaransa ilipopanga kuongeza kodi ya mafuta mnamo 2018, wakazi wa vijijini na miji midogo isiyo na treni walivaa vizibao vya manjano na kufunga barabara. Mpango huo ukaahirishwa, kisha ukafutiliwa mbali.

Katika miaka ya karibuni, pande zote mbili zimejaribu mbinu mpya. London ilianza kuwatoza wenye magari ada ya kuingia katikati ya mji mnamo Februari 2003. New York ilifuata Januari 5, 2025, ikiwa ya kwanza nchini Marekani, kwa ada ya dola tisa. Luxembourg ilifuta nauli nchini kote mnamo Machi 2020, nayo Ujerumani ikaanzisha mnamo Mei 2023 tiketi ya mwezi ya euro 49 kwa uchukuzi wa mitaa na majimbo yote. Bei hiyo imepandishwa tangu hapo.

Mji wa Buffalo, jimboni New York, uliondoa mwaka wa 2017 sharti la kila jengo kuwa na maegesho. Kwa upande mwingine, treni ya kasi ambayo wapigakura wa California waliidhinisha mnamo 2008 ingali haijabeba abiria, ilhali Ufaransa imekuwa na treni za aina hiyo tangu 1981.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kodi inaweza kubadilishwa kwa kura moja na njia ya basi kuchorwa kwa wiki. Lakini nyumba zilizotawanywa kilomita kadhaa kutoka duka la karibu hudumu kwa vizazi, na anayeishi humo atahitaji gari kesho asubuhi, awe na uwezo wa kulinunua au asiwe nao.