Bao Halina Daftari

Hapana mchezo usio na mpaka. Idadi ya kete, zamu ya kucheza, wakati wa kuinuka: hayo yakiondoka hubaki fujo tu. Lakini mipaka ya mchezo ni ya namna mbili, na aghlabu watu huichanganya. Uko mpaka unaosema ni jambo gani linaruhusiwa ndani ya mchezo, nao humbana kila achezaye kwa kiasi kimoja. Na uko mpaka unaosema mchezaji aende mbele kiasi gani kwa siku au kwa juma, ili yule achezaye kutwa kucha asimwache mbali mno yule apataye saa moja tu baada ya kazi. Mpaka huu wa pili ni mgeni duniani. Umri wake haujafika nusu karne. Umezaliwa pamoja na michezo ya kompyuta inayochezwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na leo unamgusa kijana wa Kashaulili, kata iliyo katikati ya mji wa Mpanda mkoani Katavi, sawa na unavyomgusa mwenzake wa Darajani au Chake Chake. Inafaa tuulize ulitoka wapi, na kwa nini wazee wetu hawakuuhitaji.

Tuanze na mchezo tunaoujua. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hizo za mkononi huingizwa moja moja katika hatua ya kunamua, na zikimalizika ndipo mchezo huingia katika mtaji. Kanuni zake ni nyingi na hesabu zake ni nzito. Mtaalamu wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alikaa na mabingwa wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima kuhusu umahiri wao. Kwa hiyo umbali baina ya fundi na mwanagenzi katika bao si mdogo hata kidogo. Fundi huona mwisho wa mzunguko kabla hajaigusa kete ya kwanza, na mwanagenzi bado anahesabu kwa kidole. Hata hivyo, sijasikia baraza lililomwambia fundi: leo umecheza mno, nenda nyumbani mpaka wenzako wakufikie.

Badala yake, wenye mchezo walitengeneza njia nyingine. Kwanza waliweka bao la kujifunza, ambalo kete zote 64 hupangwa mbili mbili katika mashimo tangu mwanzo, wala hapana za kushika mkononi. Mwanagenzi alipewa uwanja wake, na fundi akaachiwa wake. Pili, ndani ya bao lenyewe waliweka kizuizi cha ulimbikizaji: katika mtaji, shimo lililofikia kete 16 au zaidi haliwezi kuanzisha ulaji. Mali ikirundikana mahali pamoja hupoteza meno. Kizuizi hiki kinamhusu fundi kama kinavyomhusu mgeni, na wote wawili wanakijua kabla ya kukaa. Tatu, ipo desturi ya barazani kwamba aliyefungwa huinuka na kumpisha mwingine. Desturi hii ni kali kwa mnyonge, lakini haimfukuzi. Hukaa pembeni akatazama, akasikia watazamaji wakibishana juu ya kila hatua, na hiyo ndiyo shule yake.

Juu ya yote hayo kuna jambo moja kubwa zaidi. Jua likizama kete hukusanywa. Ushindi wa jana haumpi mtu kete ya 65 leo. Mwalimu Nyerere alilipenda bao, na kila alipokaa ubaoni alipata 10 zake na 22 zake, sawa na jirani aliyekaa mbele yake. Alichokiacha mchezaji nyuma yake ni jina, na alichoondoka nacho ni ujuzi uliomo kichwani. Mtu aliyekaa mwezi mzima bila kucheza, akirudi, huukuta ubao ni ule ule. Bao halina daftari.

Na hili si la mwambao peke yake. Wasukuma wana isolo, Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro. Yote ni ndugu wa bao, ya safu nne. Mpanda ni mahali ambapo ndugu hao wamepata nafasi ya kukutana. Nchi hii ni ya Wapimbwe, Wakonongo na Wabende. Baada ya Vita Vikuu vya Pili tawi la reli likavutwa kutoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, likaleta watu wa kila upande. Wakaja watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 na kukaa katika makazi ya Katumba na Mishamo, na wakaja wafugaji wa Kisukuma na mifugo yao. Mgodi ule ulifungwa na watu wakabaki. Katika michezo yote waliyokuja nayo, mchezo ukimalizika umemalizika.

Daftari lilianza mbali na hapa. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika mchezo wa maneno matupu ambao watu wengi waliweza kuingia kwa pamoja kwa njia ya kompyuta. Mwenzake Richard Bartle aliuendeleza. Mchezo huo uliitwa MUD. Mchezaji alikusanya pointi, kompyuta ikazihifadhi, na akirudi kesho alizikuta. Mwenye pointi za kutosha alipanda ngazi hadi kuwa mchawi, mwenye uwezo juu ya wachezaji wengine. Watu wa nje ya chuo waliruhusiwa kuingia usiku wa manane, wakati ambapo kompyuta haikuhitajiwa kwa kazi za chuo. Basi tangu siku hizo za mwanzo ngazi ilikuwa nyepesi zaidi kwa mtu asiyelazimika kuamka alfajiri.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Maadamu maendeleo yanaandikwa, muda unageuka mtaji. Mchezo wa EverQuest, uliotoka Marekani mwaka 1999, uliwataka watu wakusanye nguvu kwa saa nyingi, tena wakiwa kundi. Marafiki wawili walioanza siku moja, mmoja mwanafunzi aliye likizoni na mwingine mfanyakazi, baada ya wiki chache hawakuweza tena kwenda pamoja. Mmoja alikuwa na nguvu za kuingia mahali ambapo mwenziwe angekufa mlangoni. Na yule wa mbele naye hakuwa na raha kamili, kwani aliyamaliza yaliyotengenezwa, akabaki akizunguka. Watengenezaji walikabiliwa na swali ambalo fundi wa bao hakuwahi kuulizwa: tumzuie anayekimbia, au tumbebe anayetembea?

Jibu mashuhuri lilitolewa na World of Warcraft mwaka 2004. Katika majaribio yake, kabla haujatoka rasmi, aliyecheza kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa amechoka, na pointi zake zikapungua kwa nusu. Wachezaji walichukia, walijiona wanaadhibiwa kwa kupenda mchezo. Kama wenyewe walivyosimulia baadaye, watengenezaji waliziacha hesabu karibu zilivyo wakabadili maneno. Kile kiwango kamili kiliitwa malipo maradufu ya aliyepumzika, na ile nusu ikaitwa kiwango cha kawaida. Malalamiko yakatulia. Sisi tunaofanya kazi ya kutafsiri hatuna haja ya kushangaa. Neno moja likihamishwa kutoka upande wa adhabu hadi upande wa zawadi, watu huipokea hesabu ile ile waliyoikataa jana.

Wengine hawakujifunza kwa mfano huo. Final Fantasy XIV ilipotoka mwaka 2010, mchezaji alipata pointi kamili kwa saa 8 za mwanzo katika juma kwa kila fani aliyoifuata, kisha zikapungua kidogo kidogo katika saa 7 zilizofuata hadi kufika sifuri. Mpango huo, pamoja na kasoro nyingine nyingi, uliwaudhi watu kiasi kwamba mchezo ulifungwa mwaka 2012 na kutengenezwa upya, ukarudi mwaka 2013.

Huko China aliyeweka mpaka si mtengenezaji, bali serikali. Utaratibu ulioanza kutumika mwaka 2007 ulimpa kijana asiyefikia umri wa utu uzima pointi kamili kwa saa 3 za kwanza za siku, nusu hadi saa ya 5, na baada ya hapo hakupata kitu. Mwaka 2021 ukaja mkali zaidi: saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mpaka huu una hoja nyingine kabisa. Haukuwekwa ili mmoja asimwache mwenziwe. Umewekwa ili mtoto asiuache usingizi na masomo. Tuukubali au tuukatae, walau nia yake imesemwa wazi.

Mpaka uliogeuza kila kitu ulikuja na simu za mkononi. Katika Candy Crush Saga, mchezo wa mwaka 2012, mchezaji ana roho 5. Akizipoteza, kila moja hurudi baada ya nusu saa. Ukitazama kwa haraka utasema hili ni jema, kwamba mtu ameambiwa apumzike. Lakini mlango wa pembeni uko wazi: anayelipa hasubiri. Mpaka uliobuniwa ili mwenye muda asimlemee asiye na muda sasa umekuwa kibanda cha kutoza ushuru. Mwenye saa nyingi amezuiwa kweli, ila aliyepishwa njia si yule fundi cherehani mwenye saa moja jioni. Aliyepishwa ni mwenye fedha.

Turudi Kashaulili, maana hapa mipaka hiyo inakutana na mingine ambayo hakuna mtengenezaji wa mchezo aliyeiwaza. Kwa miaka mingi mji wa Mpanda ulipata umeme wa majenereta, mbali na gridi ya taifa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, lakini kwa kijana wa hapa intaneti hupimwa kwa kifurushi, na kifurushi kina saa yake ya kufa. Vifurushi vya usiku wa manane vimekuwa nafuu kuliko vya mchana, na kwa hiyo kijana mwenye fedha kidogo hucheza wakati ule ule ambao wageni wa Essex walikuwa wakiingia. Dereva wa bodaboda aliyezunguka kutwa hawezi kukesha. Asiye na kazi anaweza. Mchezo ukiwa hauna kikomo, asiye na kazi atapanda ngazi. Ukiwa na kikomo kinachouzwa, yeye atakwama, na dereva naye hatanunua, kwani ana deni la pikipiki. Wote wawili watamwona akipita mtu wa mbali wasiyemjua.

Pengine ndiyo maana vijana wengi wameipenda michezo kama PUBG Mobile na Free Fire, ambayo kila pambano huanza upya. Wote hushuka mikono mitupu, wakatafuta silaha chini, na likimalizika limemalizika. Daftari lipo bado, la madaraja na mapambo, na mapambo yanauzwa. Lakini katika kiini cha pambano mna kitu ambacho mzee wa bao angekitambua: ujuzi umo mkononi na kichwani, na ubao ni mtupu kwa wote.

Watu husema kwamba kumzuia mwenye bidii ni dhuluma, na hoja hiyo ina uzito. Malenga hajaambiwa atunge beti tatu tu kwa siku ili wanagenzi wasivunjike moyo. Lakini malenga naye anabanwa na mizani na vina sawasawa na mwanagenzi, na beti zake elfu za jana hazimpunguzii mizani hata moja leo. Bidii yake huzaa ujuzi, haizai msamaha wa kanuni. Palipo na daftari, bidii huzaa vyote viwili, na ule msamaha ndio unaomwonea mchezaji wa saa moja. Dawa basi si kumfunga miguu mwenye bidii. Dawa ni kupunguza kile ambacho daftari linampa juu ya mwenziwe, na kumwachia kila alichojifunza.

Kwa hiyo mchezo wowote uletwao mbele ya mtoto wetu, na utozao kikomo, tuupime kwa kipimo cha shimo lenye kete 16. Kanuni hiyo inajulikana kabla ya kukaa, inawabana wote wawili, na hakuna aliyewahi kuinunua. Kikomo kinachofaulu hapo ni sehemu ya mchezo. Kinachoshindwa ni bei, na bei inafaa itajwe kwa jina lake ili mtoto ajue anacheza nini, na nani anayekaa upande wa pili wa ubao.