Kuhama kwa Swali la Usalama: Mafuta ya Mimea Iliyobadilishwa Vinasaba katika Chakula cha Samoni wa Kufugwa, 1990–2018

Mwaka 1990, takribani asilimia 90 ya viambato vya chakula cha samoni wa kufugwa nchini Norwei vilitoka baharini, hasa unga na mafuta ya samaki wadogo. Kufikia mwaka 2013 kiwango hicho kilikuwa karibu asilimia 30. Ufugaji ulipanuka ilhali bahari haikuongeza mavuno, na pengo likazibwa kwa soya na mafuta ya kanola. Mimea hiyo haina EPA wala DHA, asidi za omega-3 ambazo kwa asili hutengenezwa na mwani mdogo wa baharini na ambazo ndizo sifa kuu ya samoni mezani.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kuwa, kati ya mwaka 2006 na 2015, kiwango cha asidi hizo katika samoni wa Uskoti kilipungua kwa nusu. Mlaji alihitaji vipande viwili kupata kile alichokipata awali katika kimoja. Kwa hiyo mafuta ya kawaida, ambayo hakuna aliyeyatilia shaka, nayo yalikuwa na gharama yake kiafya.

Katika mazingira hayo, kituo cha Rothamsted nchini Uingereza kilipandikiza jeni za viumbe wa baharini katika kamelina, na mwaka 2014 kikaanza majaribio ya shambani. Samoni waliolishwa mafuta hayo katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 walikua sawa na wenzao waliolishwa mafuta ya samaki. Shaka ikahamia shambani: mwaka 2016 watafiti wengine waliripoti kuwa viwavi wa kipepeo wa kabichi waliolishwa EPA na DHA walikuwa vipepeo wenye mabawa yenye kasoro. Ikumbukwe kwamba viwavi hao walipewa chakula cha maabara, si kamelina yenyewe. Wanaoutaja utafiti huo mara nyingi hulisahau jambo hilo.

Sheria hazikuuliza swali moja. Sheria ya Norwei ya mwaka 1993 ilidai, pamoja na usalama, manufaa kwa jamii na maendeleo endelevu. Australia iliruhusu kilimo cha kanola yenye DHA mwaka 2018. Nao Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2003, uliagiza chakula cha mifugo na samaki kitokanacho na mimea hiyo kiwekewe lebo, lakini haukuagiza hivyo kwa nyama au samaki waliolishwa. Mfugaji anaarifiwa, mnunuzi sokoni haarifiwi.