Vijana wa Edward Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka minne tu, tangu 1968 hadi 1972. Katika muda huo mfupi alijifundisha kazi mwenyewe, akaipatia wanunuzi, tena akapata wasaa wa kuwafunza wenzake. Watu humsifu kwa chui wake na ndege wake. Mimi niliyekulia katika kazi hii nawatazama kwanza wale aliowafundisha.

Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akapita kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akafika Dar es Salaam na kushika vibarua vya kila namna. Turubai hakuwa nayo. Alitumia hadibodi zile za kupigilia darini, akazikata mraba wa kama sentimita 60, na rangi ya mafuta inayopakwa milango na baiskeli. Mkewe, Agatha Mataka, ndiye aliyeuza picha hizo Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako wageni wengi walifika kununua mahitaji yao. Mama huyu hatajwi inavyostahili. Bila yeye vibao vingebaki vimeegemezwa ukutani kule Msasani.

Biashara ilipochangamka, Edward akawashirikisha watu wake: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah, Simon Mpata. Hapakuwa na mtihani wa kuingia. Wengi walikuwa ndugu na jamaa, na ndugu akija mjini humpi chakula tu, unamtafutia na shughuli. Shughuli aliyokuwa nayo Edward ilikuwa brashi.

Utaratibu huo umenifikia mimi kupitia kwa mwalimu wangu, ambaye naye alifunzwa na mmoja wa vijana wale. Kwanza unalainisha ubao kwa msasa. Halafu unapaka rangi ya chini, moja tu, na hapo ndipo subira ya mtu hujulikana, kwa sababu rangi ya mafuta haikauki upesi, na ukimchora mnyama juu ya rangi mbichi mistari yote inavurugika. Unakwenda kwenye kibao kingine huku ukisubiri. Baadaye unaruhusiwa kuweka madoa ya chui, mamia ya madoa, hadi kiganja kijue chenyewe kiasi cha rangi kinachobebwa na ncha ya brashi. Jicho la mnyama mwalimu alilishikilia muda mrefu. Alisema mnunuzi hutazamana na jicho kabla hajauliza bei.

Wapo wanaotudharau kwa kunakili. Nawaomba waukumbuke mwaka 1972. Edward, ambaye wakati huo alikuwa amepata pia kazi katika hospitali ya Muhimbili, alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi. Hakuacha kitabu wala shule. Kama vijana wale wasingekuwa wamemnakili hadi mikono ikazoea, kazi ingezikwa naye.

Na hawakubaki pale alipowaacha. Mpata alihamia Nairobi, akawa na wanyama wa kwake, na Wajapani wakampenda sana. Wengine wakaijaza ile nafasi ambayo mwalimu aliiacha wazi nyuma ya mnyama mmoja: makundi ya ndege, kijiji kizima, foleni ya wagonjwa hospitalini. Mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama cha ushirika, na makao yake yakawa palepale Morogoro Stores.

Wanunuzi wengi hutaka kusikia habari za Edward peke yake, na picha zetu zote huitwa kwa jina lake. Hilo ni haki yake. Lakini Linda, Mandu, Tedo, Ajaba na Mpata hawastahili kupotea ndani ya jina hilo, ndiyo maana nyuma ya kila kibao changu naandika jina langu, la mwalimu wangu, na la yule aliyemfunza mwalimu wangu. Mnunuzi akiuliza hao ni nani, namvutia kiti.