Tangawizi ya Jamaika: Jina na Jasho

Historia ya mazao ya biashara katika visiwa vya Karibi aghalabu huandikwa kwa kufuata miwa na mashamba makubwa ya mabwana. Tangawizi ya Jamaika yadai kusimuliwa kwa njia nyingine, kwani historia yake ni ya mkulima mdogo.

Asili ya zao hili ni Asia. Wahispania ndio waliolipeleka Jamaika katika karne ya 16. Waingereza, walioiteka nchi hiyo mwaka 1655, waliitukuza zaidi sukari, iliyozalishwa kwa jasho la watumwa kutoka Afrika. Uhuru kamili ulipopatikana tarehe 1 Agosti 1838, wengi waliyahama mashamba hayo, wakajitafutia vishamba milimani. Huko, hasa katika wilaya za Manchester, Clarendon na Trelawny, tangawizi iliwafaa. Haikuhitaji kinu wala mtambo. Jembe, kisu na jua vilitosha. Tunguu lilimenywa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa mafuta yaletayo harufu yamo chini tu ya ganda, kisha likaoshwa na kuanikwa. Ustadi huo ndio ulioipatia tangawizi ya Jamaika sifa ng'ambo.

Hata hivyo, sifa hiyo haikuwa mali ya mkulima. Soko lilikuwa mbali naye, na udongo ulichoka upesi, akalazimika kufyeka msitu mpya. Jina lenyewe pia lilimponyoka. Pombe ilipopigwa marufuku Marekani, kati ya 1920 na 1933, watu walinywa dawa ya maji iliyoitwa kwa jina la tangawizi ya Jamaika, kwa ajili ya kileo kilichokuwamo. Mwaka 1930 dawa iliyotengenezwa Boston ilitiwa kemikali ya sumu, na maelfu ya wanywaji wakapooza. Kosa lilikuwa la kiwandani. Aibu ikabebwa na jina la kisiwa.

Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa kuoza kwa tunguu uliangamiza mashamba mengi. Tangu hapo pamefanywa juhudi za kueneza mbegu safi zilizokuzwa maabarani. Juhudi hizo ni za lazima, lakini hazitoshi. Mbegu safi huponya shamba. Haimrudishii mkulima thamani ya jina ambalo mikono ya wazee wake ndiyo iliyolijenga.