Kituo cha Usiku Mmoja: Ufipa na Wapita Njia

Iko miji ambayo msafiri huijua kwa sifa kabla ya kuiona kwa macho, na Sumbawanga ni mmoja wao. Nilifika huko jioni kwa basi kutoka Tunduma, kwa barabara ya lami iliyojengwa katika miaka ya 2010, nikiwa safarini kwenda Kigoma. Nia yangu ilikuwa kulala usiku mmoja tu. Uwanda ule una baridi, maana uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwenye nyumba ya wageni, mzee mpole, aliniletea maji ya moto kabla sijaomba.

Nilimwuliza habari za uchawi, kwani ndizo nilizokuwa nimezisikia. Akacheka. "Mwalimu, sisi husema jina la mji huu lina maana ya kutupa uchawi. Anayeambiwa autupe ni nani, mwenyeji au mgeni aingiaye?" Sikuwa na jibu.

Swali hilo lilinirudisha katika tarikhi. Masimulizi ya Wafipa, ambayo Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza, aliyakusanya katika miaka ya 1960, yasema kwamba hapo kale Ntatakwa alitawala Milansi. Siku moja, yeye hayupo nyumbani, walitokea wanawake watatu wageni, na mkewe akawaachia kiti cha utawala. Ukoo wao, Twachi, ukaitawala nchi, ambayo baadaye ilikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Ntatakwa akabaki na Milansi na heshima yake. Kumbe katika nchi hii hata ufalme ulianza kwa mgeni kukaribishwa kitini.

Wengine walifuata. Zwangendaba, aliyewaongoza Wangoni kutoka kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835, alifika Ufipa katika miaka ya 1840. Safari yake iliishia hapo: alifariki Ufipa, na watu wake wakagawanyika, wengine wakaenda kaskazini na wengine wakarudi kusini. Mwaka 1880 alipita Mskoti Joseph Thomson, akaliona ziwa lililo bondeni, akaliita Leopold kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji. Jina hilo halikudumu. Ziwa ni Rukwa hata leo.

Mpita njia huona machache. Wafipa walikuwa wafua chuma hodari. Waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, ambazo zilivuta upepo zenyewe pasipo mivukuto. Kisha wakakisafisha chuma katika tanuri ndogo na kufua majembe. Katika mashamba walifukia majani ndani ya matuta ya duara, yakaoza na kurutubisha udongo. Elimu ya namna hiyo haipatikani kwa kukesha usiku mmoja.

Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba Ufipa ni pembe ya mbali ya nchi. Nilisahau kusema ni mbali na wapi. Alfajiri mzee alinisindikiza hadi kituoni akinibebea mkoba, nami nikapanda basi nikiwa na haya. Kama upo uchawi ulioachwa Sumbawanga usiku ule, ulikuwa wangu.