Mlinzi Aliyesahauliwa: Habari za Giza Kuu la Mwaka 1965

Jioni hii nataka kuwasimulia habari za chombo kidogo kilichowatia gizani watu wapatao milioni 30 katika Kanada na Marekani. Jambo hili lilitukia siku ya Jumanne, tarehe 9 Novemba, 1965. Mimi huwaeleza wanafunzi wangu wa ualimu kila mwaka, kwa sababu aliyelianzisha hakuwa mvivu wala mlevi, bali mtumishi aliyetii mno.

Baina ya nchi hizo mbili upo mto Niagara, wenye maporomoko makubwa. Upande wa Kanada, maji yake hugeuza mashine za kufanyia umeme katika kituo kiitwacho Sir Adam Beck namba 2, kilichoanza kazi mwaka 1954. Kutoka hapo njia kubwa 5 za nyaya zilipeleka umeme upande wa mji wa Toronto. Nyaya nyingine zilivuka mto na kuungana na zile za jimbo la New York, ili aliyepungukiwa asaidiwe na mwenye ziada, kama majirani wapeanavyo kaa la moto.

Katika kila njia ya namna hii huwekwa swichi ya kukata umeme. Msiifikirie kama ile ndogo ya ukutani. Umeme mwingi ukikatwa haukubali kuondoka upesi; huruka kwa ulimi wa moto, na ulimi huo hauna budi kuzimwa mara moja, ndani ya mafuta au kwa upepo wa nguvu. Lakini swichi hiyo haina macho. Macho yake ni chombo kingine kiitwacho rilei, ambacho hupima umeme upitao, na ukizidi kadiri huiamuru swichi ikate. Rilei ni kama askari aliyewekwa darajani akaambiwa: mzigo wa kiasi hiki upite, ukizidi funga njia.

Mwaka 1963 rilei moja ya kituo kile ilipewa kipimo cha kilowati 375,000 hivi. Wakati ule kilitosha. Basi watu wa Toronto wakazidi kutumia umeme, mzigo ukapanda kidogo kidogo, na nyaya zenyewe ziliweza kuchukua zaidi ya hapo. Askari hakupewa amri mpya, wala waangalizi wa zamu hawakujua kwamba kipimo chake kiko karibu namna ile.

Ilipopata saa 11 na dakika 16 jioni, watu wakiwasha taa zao, mzigo uligusa kipimo. Rilei ikaamuru, swichi ikakata. Hapakuwa na waya uliokatika. Mzigo wa njia ile ukaziangukia zile 4 zilizobaki, nazo zikakatwa katika muda wa sekunde 3 hivi. Umeme uliokuwa ukienda Toronto ukageuka ghafula ukaingia jimbo la New York, kama mto uliozibwa mbele. Nyaya za huko hazikuuhimili, na baada ya dakika 12 hivi mji wa New York wenyewe ulikuwa gizani, isipokuwa sehemu chache.

Watu wapatao 800,000 walikuwa ndani ya treni za chini ya ardhi. Kwa bahati njema mwezi uling'aa usiku ule. Mahali pengine giza lilidumu hata saa 13, maana mashine kubwa ya umeme nayo huhitaji umeme wa kuendeshea pampu zake kabla haijaanza kazi. Hata kusimama kwake kuna hatari: katika kituo cha Ravenswood, mjini New York, pampu za mafuta zilizimika, na mashine kubwa ikaendelea kuzunguka bila mafuta mpaka beringi zake zikaharibika.

Mafundi walitafuta asili ya mambo hayo, na baada ya siku 6 waliikuta ile rilei, nzima, iliyofanya kazi yake barabara.

Kuzitunza swichi hizi kwa desturi ni kazi ya mikono. Fundi hukata umeme, huhakikisha kwa kipimo kwamba haupo, huunganisha nyaya na ardhi asije akafa. Kisha hupangusa vumbi, hukaza viungo, maana kiungo kilicholegea hupata joto, na hupima mafuta kama yameingia maji. Swichi yenyewe huendeshwa, kwa kuwa ikikaa miaka bila kwenda grisi yake hukauka, ikachelewa siku ya haja. Rilei nayo hupelekewa umeme wa kiasi kinachojulikana, fundi akatazama kama yaamuru kwa kadiri na kwa wakati uliowekwa. Nionavyo mimi, rilei ya Niagara ingalijaribiwa hivyo asubuhi ile ile ingalifaulu, kama mwanafunzi anayejibu sawasawa swali la mwaka juzi. Lililokosekana ni mtu wa kukilinganisha kipimo na mzigo wa siku hiyo, na kumweleza mwenye zamu.

Mwaka 1968 makampuni ya umeme ya huko yaliunda baraza la kuangalia mambo haya. Hata hivyo, tarehe 14 Agosti, 2003, giza lilirudi, likawapata watu wapatao milioni 50. Mara hii lilianzia Ohio, ambako nyaya ziligusa miti isiyopunguzwa matawi. Na mojawapo ya njia kubwa za huko ilikatwa na rilei yake hali waya wenyewe ulikuwa mzima, ila umelemewa na mzigo.