Makaburi ya Wakweka Kisiwani Tortola

Mtu aliyezoea makaburi ya wakubwa, yenye marumaru na majina yaliyochongwa, akifika Fat Hogs Bay atadhani amepotea njia. Ghuba hiyo iko upande wa mashariki wa Tortola, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Hapo, karibu na ilipokuwa nyumba yao ya ibada, walizikwa Wakweka wa karne ya 18. Hao ni watu wa dhehebu lile lililofika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, na ambao huko huitwa Marafiki. Wakweka wa zamani waliyaona mawe ya kaburi yenye maandishi kuwa ni majivuno. Basi asitafute mtu sifa za marehemu mahali hapo.

Hata hivyo, baadhi ya waliolala hapo tunawajua. Thomas Chalkley, nahodha na mfanyabiashara wa Philadelphia, alikuja kuhubiri mwaka 1741, akashikwa na homa akafa. Mwaka uliofuata walikuja wahubiri wengine wawili kutoka makoloni ya Amerika, John Cadwalader na John Estaugh. Cadwalader alitangulia. Estaugh alihudhuria mazishi ya mwenzake, na hazikupita siku nyingi naye akazikwa. Watu watatu katika miaka miwili! Homa za visiwa vile hazikumchagua mchamungu.

Mkubwa wa Wakweka wa Tortola alikuwa John Pickering, aliyeshika uongozi wa kisiwa. Uingereza ilipokuwa vitani na Hispania, aliondoka madarakani, maana imani yake ilimkataza kupigana. Tendo hilo lastahili heshima. Lakini Pickering huyohuyo alikuwa na mashamba na watumwa wengi. Mkono uliokataa kushika upanga haukuona vibaya kummiliki binadamu mwenzake. Wanafunzi mnaosoma historia, hapa msipite haraka. Waliokata miwa na kuchuma pamba wakati mabwana zao wakikaa kimya ibadani walikuwa Waafrika, nao pia walikufa na kuzikwa kisiwani humo, bila ya nahodha wala gavana wa kuyahifadhi majina yao.

Kwa bahati, si wote waliobaki katika upofu huo. John Coakley Lettsom, aliyezaliwa mwaka 1744 katika kisiwa jirani cha Little Jost Van Dyke, alirudi mwaka 1767 kuchukua urithi wa baba yake. Urithi wenyewe ulikuwa hasa watumwa. Aliwaacha huru wote, ingawa hakuwa na mali nyingine ya maana, kisha akajitafutia riziki kwa udaktari. Huyo ndiye baadaye aliyeanzisha Chama cha Madaktari cha London, mwaka 1773.

Mwaka 1776 Samuel Nottingham na mkewe Mary waliwaacha huru watumwa wao, wakawapa na shamba la Long Look. Mimi naona jambo la pili ndilo zito zaidi, kwani mtu huru asiye na ardhi, katika kisiwa cha mashamba ya mabwana, angekwenda wapi ila kwa bwana mwingine? Sheria ya Uingereza iliyofuta utumwa huko ilianza kazi tarehe 1 Agosti 1834, yaani miaka 58 baadaye.

Long Look haiko mbali na makaburi yale. Ni jirani tu. Mgeni atokaye Road Town kwenda kuyatazama asiishie pale ghubani. Apande na kijijini pia, akaione ardhi waliyopewa wale watu wa 1776.